Mdogo Wangu Nyuma ya Mlima

Mdogo wangu, aliyenifuata mimi tumbo moja, aliolewa Kenya, upande wa nyuma wa mlima. Mimi sikuwahi kukanyaga kwake mpaka siku hii ninayoiandika.

Watu wa huku wataelewa kwa nini. Kwetu Old Moshi, Krismasi ikikaribia, kila aliyezaliwa kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, anapanda kurudi, awe Dar, awe Mwanza, awe wapi. Sisi tuliobaki nyumbani hatumfuati mtu. Sisi ndio tunaofuatwa. Na yeye alikuwa anakuja. Anashuka Himo na mabegi yake, anatafuta usafiri wa kupanda, anaingia jikoni kwangu bila hodi, anafunua sufuria na kusema, "Dada, mtori wako mpaka leo una mabonge." Hapo hata salamu bado. Basi tunaongea Kichagga mpaka koo linakauka. Namsimulia nani kafa, nani kauza ng'ombe, nani kasogeza mpaka, na yeye ananikatiza kila neno, maana alikuwa hajui kusikiliza habari mpaka mwisho. Halafu sikukuu zinakwisha, anashuka.

Kule kwake hakuwa na wa kuongea naye hivyo. Mumewe alikuwa mtu wa kabila lingine, watoto wamekua na lugha ya baba yao na Kiswahili cha Kenya. "Dada, mimi naota kwa Kichagga," aliniambia mwaka mmoja tukimenya ndizi, "nikiamka sina wa kumsimulia ndoto." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Akaugua tumbo. Hospitali ya huko ikamtibu ikachoka, ikamrudisha nyumbani. Nilikuwa bandani nakamua, binti yake akapiga simu.

"Shikamoo mama mkubwa. Mama anasema uje."

"Amezidiwa?"

"Amezidiwa. Na siku hizi anatuongelesha Kichagga tu. Kiswahili ni kama kimemtoka. Anaongea, anaongea, sisi hatuelewi. Anatutazama hivi, anasubiri tumjibu. Njoo utuambie anasema nini."

Niliweka ndoo chini. Mwanamke amezaa watoto, amewalea, na anakufa katikati yao kama mgeni. Nikasema kesho nipo kwake.

Mjukuu wangu ndiye aliyenipeleka. Huyu nimemlea kwa maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe. Ana kazi yake pale Moshi mjini, ana gari lake, na analiendesha kuliko wanaume wote wa ukoo wetu. Acha waseme najivuna, nimlee halafu nisijivune? Kumekucha tu, yuko uani anapiga honi.

"Mke mwenzangu, vaa sweta, Rombo kuna baridi!"

"Njia unaijua?" nikamuuliza.

"Simu inaijua, Bibi."

"Simu ilikwenda lini huko?"

Akacheka, akaibandika simu mbele ya usukani. Tukashuka Himo, tukapanda Marangu, tukaingia Rombo kwenye ukungu mzito, mlima hatuuoni kabisa. Hadi hapo simu ilikuwa haina kazi, lami ni moja. Mpakani Tarakea tuligongewa mihuri, gari likapata karatasi zake, na mjukuu akanunua laini ya Kenya ili simu ipate mtandao. Akainama, akabonyezabonyeza. Nilimwona, sikuuliza.

Tulipovuka ndipo akaanza kusema yule dada wa ndani ya simu. Kiingereza, sauti laini, hana haraka. Mjukuu ananitafsiria: nyoosha, kata kushoto, kata tena. Nikamwambia, "Huyo mwanamke anaongea kama hajawahi kubeba mzigo." Tukakata kushoto alivyotaka. Barabara ikawa ya vumbi, ikawa njia ya mbuzi, ikaishia kwenye korongo. Pale palikuwa na mama anachunga mbuzi, kashika kiuno anatucheka.

"Ni simu imewaleta, sivyo?"

"Ndiyo, mama," mjukuu akasema, aibu imemjaa.

"Hiyo njia ilibebwa na mvua kitambo. Hata juzi simu ilileta lori ya nyanya hapa. Rudini lami, madamu."

Tukarudi. Kuanzia hapo, mimi na yule dada wa simu tulikuwa tumemalizana.

Mbele kidogo ukungu ukafunguka, mlima ukatokea. Nikauangalia. Nimeamka na mlima huu maisha yangu yote. Ukiutazama kutoka kwetu, Kibo yuko mkono wa kushoto, Mawenzi kulia, wala huhitaji kufikiri, kama unavyojua mlango wa jikoni kwako uko wapi gizani. Sasa Mawenzi kahamia kushoto. Theluji ya Kibo imekaa vibaya. Ni kama kumwona mama yako amevaa sura ya mtu mwingine. Najua nitaambiwa ni kwa sababu tulikuwa nyuma yake. Nilijua. Lakini kujua hakukunisaidia. Kichwa kilianza kuzunguka, nikawa sijui tena mbele ni wapi.

Na papo hapo yule dada akasema tukate kulia.

"Kulia tunashuka, Bibi. Tumekaribia kabisa," mjukuu akasema.

Nikaangalia huko kulia. Nyika tupu mpaka macho yanachoka. Miiba, vumbi, mlima tunaupa mgongo.

"Simamisha gari. Mdogo wangu hakai huko."

"Kwa nini asikae?"

"Unaona mgomba huko? Yeye ana migomba, ana maji mbele ya mlango, kaniambia kwa mdomo wake. Mtu wa kwetu akajenge porini kwa nini?"

Mjukuu kazaliwa kihambani kama mimi, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu mtu anaishi juu. Chini unakwenda kulima mahindi na kukata majani ya ng'ombe, jioni unapanda na mzigo wako kichwani. Chini ni kwa jua na homa. Hakuna anayejenga nyumba ya kufia chini akiwa na akili zake, na mdogo wangu akili alikuwa nazo. Ukipotea, panda, kwenye migomba ndiko kwenye watu. Tangu nikiwa mtoto sijaona kanuni hiyo ikikosea.

"Ila simu, Bibi..."

"Simu ndiyo iliyotupeleka kwenye korongo. Geuza. Panda kule kwenye kijani."

Akageuza. Yule dada akaanza kulalamika: rudi, rudi, rudi. Nikasema mnyamazishe. Akamnyamazisha. Tukapanda, hewa ikapoa, tukaona migomba, nikamwambia unaona? Tukasimama kuuliza. Kila tuliyemtajia mwanamke kutoka Moshi aliyeolewa huku anatikisa kichwa. Tukaenda mbele, tukauliza tena. Jua likawa kali. Mjukuu hakusema neno lolote la kunilaumu, mtoto kalelewa.

Ndipo simu ikaita. Ni binti wa mdogo wangu.

"Mama mkubwa, mbona mnarudi?"

"Umejuaje tunarudi?"

"Tunawaona. Huyo mjukuu wako aliniunganisha pale mpakani, gari lenu tunaliona kwenye simu, kidoti cha buluu kinatembea. Mama ameshika simu mwenyewe tangu asubuhi, amekataa kuiachilia. Mlifika hadi kona yetu, hapo kwa barabara. Halafu kidoti kikageuka kikaenda. Mama alitutazama akaongea kitu. Sijui alisema nini. Nafikiri alikuwa anauliza umemkasirikia nini."

Nilishika dashibodi. "Mpe simu. Mpe nimwambie."

"Ameugeukia ukuta, mama mkubwa. Nimemwekea simu sikioni, ongea."

Nikaongea. Nikamwambia kwa Kichagga nimekosea njia, nakuja, nisubiri, nipo hapa hapa. Niliongea kwa kelele kama tunavyoitana kutoka ng'ambo ya mto. Nikasikia kuku wa huko, nikasikia mtu anaburuta kiti. Yeye sikumsikia. Mtandao ukakatika.

Mjukuu alikuwa ameshageuza gari. Akamrudishia sauti yule dada. Alisema shuka, tukashuka. Alisema kata, tukakata. Ile kona niliyoikataa tukaipita, tukaingia nyikani, na mimi nimeng'ang'ania mkanda wa gari.

Na kule chini kulikuwa na maji. Hayo ndiyo niliyokuwa siyajui. Maji ya mlima wetu wenyewe yanapita chini ya ardhi na kuibukia huko kwenye nyika, chemchemi baridi, na watu wamechimba mifereji. Unapita miiba, unapita miiba, ghafla nyanya, vitunguu, mahindi mabichi. Na mwisho wa mfereji mmoja, migomba. Imepangwa kama ya kwetu, kahawa kidogo chini yake imekonda kwa joto, na mpakani mwa shamba kapanda mimea ya masale kama babu zetu walivyopanda. Mdogo wangu alikuwa hajanidanganya. Alikuwa amejijengea kihamba porini, peke yake, kwa jembe lake.

Uani walikuwa wanawake wamesimama. Hakuna aliyekuwa anaongea wala kufanya kazi. Nilijua kabla gari halijazima.

Binti yake alikuja akanishika mikono yote miwili. Shikamoo yenyewe ilimshinda kuitoa.

"Muda gani?" nikauliza.

"Sasa hivi tu. Mwili bado una joto."

"Alinisikia kwenye simu?"

"Sijui, mama mkubwa."

"Alisema nini mwisho?"

"Aliongea sana. Aliongea mpaka pumzi ikaisha." Akaanza kulia. "Hatukuelewa hata neno moja. Si ndiyo maana tulikuita?"

Nyuma yangu mjukuu alikuwa analia na kusema, "Bibi, ni mimi, ningekatalia pale kwenye kona." Nikamwambia nyamaza. Gari uligeuza kwa mdomo wangu, usijibebeshe la kwangu.

Nikaomba wanipishe chumbani. Hawakutoka wote, watoto wake walisimama ukutani na niliwaacha, ni mama yao. Amekonda mpaka uso wa mama yetu umetokea wazi. Nilikaa kitandani, nikamshika mguu, ulikuwa bado na joto kama alivyosema binti yake.

Nikamsalimia kwa kwetu. Nikamwambia nimefika. Halafu nikaanza habari, maana ndizo alizoniitia. Nikamwambia kahawa mwaka huu imezaa vizuri. Nikamwambia yule ng'ombe mwenye baka kazaa dume. Nikamwambia jirani yetu wa juu kamuoza binti yake na mbege ilikuwa chachu hainyweki, wageni wanakunywa wanakunja uso. Nikamwambia kaka yetu na mtoto wake wa kwanza hawasalimiani, kisa mgomba mmoja. Watoto wake walikuwa wanatutazama, mara mimi, mara yeye, hawaelewi kitu.

Nikafika kwenye habari ya mke wa kaka, alivyosimama katikati ya wanaume wale wawili na panga mkononi, akasema huo mgomba mnaougombania naukata mimi. Hapo ndipo mdogo wangu angenikatiza. Angesema, "Muongo wewe, yule hana ubavu," na angepiga paja.

Nikanyamaza, nikampa nafasi.