Nilimwita fundi wa makande, kumbe mchoro ulikuwa wangu

Jina langu naomba libaki nyumbani. Na majina ya watu nitakaowataja nimeyabadilisha, maana mmoja wao nimeshamtaja vya kutosha, tena vibaya. Nimekosa! Nilimsingizia fundi mwaminifu mbele za watu, nikaona heri aaibike yeye kuliko mimi nionekane sijui hesabu. Jamani, kwa ajili ya spika!

Mimi ni mtu wa kuhoji. Nimesoma fizikia chuo kikuu, na tangu nimalize kazi yangu kubwa ni kubisha. Mama akisema usinywe maji ya baridi una mafua, nauliza utafiti uko wapi. Ustadhi akitoa mawaidha msibani, mimi natafuta tundu kwenye hoja yake. Nyumbani Upanga wamenizoea. Nikifungua mdomo, baba anaongeza sauti ya televisheni.

Mwaka huu baba mdogo alinipa gari lake la zamani, nami nikataka besi. Si besi ya kila mtu. Nilitaka boksi la bendipasi, lenye vyumba viwili: spika inafungwa kwenye ukuta wa katikati, chumba kimoja kinazibwa kabisa, kingine kinawekwa bomba la kutolea sauti. Spika yenyewe huioni. Ukipatia vipimo, besi inakugonga kifuani. Ukikosea, spika inateseka humo ndani na wewe huna habari.

Mabingwa wa kazi hiyo wapo Kariakoo. Nilikwenda kwa Fundi Hemedi, mtu wa Lindi, makamo ya baba yangu, mpole. Alikuwa na benchi yake kwenye korido ya duka la Mzee Nassor, Mwarabu mmoja anayeuza spika na amplifaya za magari. Mzee hakumtoza hata pango. Mteja akinunua spika mbele, anaelekezwa nyuma kwa Hemedi, na mteja akiridhika anarudi na rafiki zake. Jina la Hemedi ndilo lililokuwa pango lake.

Nilifika na mchoro niliouchora kwa kompyuta, umechapwa kwa rangi.

"Mambo, fundi," nikamwambia. Mtu wa umri ule! Hata shikamoo niliihoji.

"Salama, mwanangu." Hakuutazama mchoro. Aliichukua spika, akailaza juu ya benchi, akabonyeza koni yake taratibu kwa vidole vya mikono miwili. "Umeinunua wapi hii?"

"Mtaa wa pili hapo."

Ndipo akautupia mchoro jicho. "Basi hii siyo uliyoiandika hapa. Hii nyepesi, tena koni yake imelegea. Niachie siku mbili niisikilize kwenye boksi langu la majaribio."

Boksi hilo alinionesha. Ukuta wake wa katikati unasogezwa mbele na nyuma mpaka sauti ikae sawa. Kisha akavuta ndoo ya mahindi makavu. Kumbe anafunga spika na bomba, anavifunika kwa nailoni, halafu anamimina mahindi kwa kopo, kopo baada ya kopo, huku anahesabu, ili ajue chumba kimebakiwa na nafasi gani baada ya sumaku na bomba kukaa humo.

Mimi tena!

"Fundi, unatengeneza boksi au unapika makande? Maharage yako wapi?"

Wateja wakacheka. Mmoja akadakia, "Mtilie na nazi kabisa!"

Hemedi naye akacheka. Halafu akaniuliza, "Kompyuta yako imeiona spika hii?"

"Haihitaji kuiona. Ina vipimo vyake vyote."

"Vimetoka wapi?"

"Kwa mtengenezaji, kwenye mtandao."

"Na mtengenezaji ndiye aliyekuuzia hapo mtaa wa pili?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kwa miaka mitatu ya chuo. Jibu langu likawa, "Kata kama nilivyochora."

"Nitakata. Lakini likigoma, uwaambie watu mchoro ni wako."

"Nitawaambia," nikasema. Mzee Nassor amesimama pale pale, anasikia.

Jumapili mchana vijana wa muziki wa magari hukutana uwanjani, wanafungua buti na kushindana. Wiki nzima nilikuwa nimejigamba kwenye grupu letu la simu kwamba ninakuja na hesabu, siyo kubahatisha. Nikafika na boksi jipya ndani ya buti, nikaweka wimbo wa singeli. Boksi likatoa buu. Nikabadilisha wimbo. Buu ile ile! Kila wimbo, noti moja, kama mtu anapuliza chupa tupu.

"Kaka, hiyo besi au ng'ombe ana njaa?" mmoja akauliza.

Nikaongeza sauti ili nimnyamazishe. Kwenye bomba ikatoka harufu ya kuungua, kikafuata kimoshi chembamba, halafu kimya.

Mwenzetu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. "Nani kakutengenezea?"

Hapo ndipo ningesema mchoro ni wangu. Maneno matatu tu! Badala yake nikasema, "Fundi mmoja yuko Kariakoo, kwenye korido ya duka la Nassor. Anapima boksi kwa mahindi. Fundi wa makande!"

Uwanja mzima ulicheka. Nami nikacheka nao, nimepona.

Video ikazunguka kwenye magrupu. Vijana wakawa wanapita dukani kuagiza makande sahani mbili. Wateja wakanunua spika na kukataa kuelekezwa nyuma. Haikuchukua wiki mbili, benchi ya Hemedi ikaondolewa.

Mimi katikati ya hayo nilifungua boksi nyumbani ili nitoe spika. Kila ubao ulikuwa umekatwa kama nilivyochora, hata milimita moja haikupotea. Nilichosahau ni kuondoa nafasi inayoliwa na sumaku na bomba, ile ile aliyokuwa anaipima kwa mahindi. Kisha nikabandua kifuniko cha sumaku. Kilikuwa plastiki kubwa, na ndani yake kisumaku cha kukutia huruma. Spika feki! Mimi ninayemhoji ustadhi, ninayembishia mama aliyenizaa, niliiamini katoni!

Na nikanyamaza. Wiki tatu. Nilijiambia ushahidi bado hautoshi, huenda waya nao ulikuwa na kasoro. Elimu yangu haijawahi kunifaa kama ilivyonifaa wiki zile.

Siku nilipokwenda dukani, nilimwamkia Mzee Nassor kwa adabu zote.

"Marahaba. Kijana wa kompyuta! Umefuata makande?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa nimesimama hapa ukiahidi," akasema. "Nilijua. Lakini mteja anataka fundi asiyechekwa. Nenda Msimbazi, Hemedi sasa anatengeneza kabati za vioo za kuuzia chipsi."

Nilimkuta kwenye banda la seremala, anapachika kioo. Safari hii shikamoo ilitoka yenyewe. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kila kitu: mchoro, sumaku, uwanja.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Uongo wako uliwaambia watu wangapi?" akauliza.

"Wengi, baba."

"Na ukweli umekuja kuniambia mimi peke yangu, pembeni. Mimi nilikuwa siujui?"

Akarudi kwenye kioo chake.

Basi nikarekodi video, uso wangu wote unaonekana, nikainua mchoro na ile plastiki, nikasema boksi nililichora mimi na fundi alinionya. Nikaituma kila grupu nililolijua. Hapa gazetini najificha, lakini kule nilikoharibu sikujificha. Walioitazama walikuwa wachache. Mmoja akaandika, "Fundi amekulipa sahani ngapi?"

Mzee Nassor aliiona. Alinipigia simu. "Umefanya vizuri, ila umechelewa. Ile nafasi nimempa muuza makava ya simu. Nimtoe kwa kosa gani?"

Hemedi bado yuko kwenye kabati za chipsi. Nikipita, anaitika salamu yangu, lakini "mwanangu" haipo tena. Sasa ananiita "bosi". Lisikie hilo neno likitoka kwa mtu uliyemvunjia riziki!

Wewe mwenye digrii na mdomo kama wangu, hoji upendavyo, lakini uanze na kile ulichokinunua mwenyewe. Na kama umemchafua mtu hadharani, usiende kumnong'oneza radhi uchochoroni ukadhani umemaliza. Rudi uwanjani ulikochekea. Rudi leo, kabla nafasi yake haijapewa mtu mwingine ambaye naye hana kosa.