Nyumba Inayosubiri Eda Iishe

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwa Bi Zeyana, hapa Tabora mjini. Chini duka, juu anaishi. Nyumba ya zamani hii, na ilikuwa gofu, popo tupu! Yeye na mumewe Awadhi ndio walioifufua. Boriti za mninga walizifuata Usoke, na udongo wa kuzibia kuta Bi Zeyana aliukanda mwenyewe mpaka viganja vikachubuka. Leo wageni wanasimama kuipiga picha.

Awadhi kafariki. Hawakujaliwa mtoto, na hati ina jina la marehemu peke yake. Kwa mirathi yao Waislamu mjane anapata robo, inayobaki ni ya Murtadha, ndugu wa marehemu. Basi huyo bwana, kaburi halijakauka, keshatafuta mnunuzi! Bi Zeyana yuko eda huko juu, hatoki wala haonani na wanaume wa nje. Atamzuia vipi?

Siku ya Jumanne Murtadha kamleta mzee Jilala, mwenye maduka Nzega. Wakagongagonga kuta za dukani, kisha Murtadha akaelekea ngazini.

"Shemeji, ingia chumbani, tunapita!"

Damu ilinichemka. Niliacha cherehani, nikaziba ngazi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia Jilala. "Juu kuna mjane, yuko eda. Mkeo ungetaka afanyiwe hivi?"

"Marahaba." Akarudi nyuma. "Murtadha, mbona hukuniambia? Mimi sipandi."

Moyoni nilipiga vigelegele. Tumemweza! Mzee akavua kofia, akaelekeza uso kwenye dirisha la juu.

"Mama, pole sana kwa msiba," akasema kwa upole. "Sikusumbui. Nitasubiri. Ukishamaliza eda yako, ndipo nitakuja kuichukua nyumba."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Ningemtukana vipi mtu mwenye adabu kiasi kile?

Tangu siku hiyo Bi Zeyana hali, halali. Wajane wenzake hutamani eda iishe waone jua. Yeye nikimpandishia chai ananiuliza, "Getruda, haiwezi kuongezwa?" Nimjibu nini mie Mroma?

Jana Murtadha kaniletea kitambaa cha bei mbaya, nimshonee shemejiye gauni la kutokea eda. Hana haya! Nikakipeleka juu nikijua atakirusha dirishani. Hakukirusha. Alisimama, akanyoosha mikono nimpime. Nikampima mabega, kifua, kiuno.

"Shona polepole, mdogo wangu," akasema. "Polepole sana."