Ndoa Iliyopita Mbele ya Kamera

Kazi yangu ya kwanza ya tivii ilikuwa kubeba gunia la karafuu nikapita. Ya pili nilikuwa maiti, nikapiga chafya. Zote zilitokana na riwaya za zamani ambazo wenzangu walizisoma sekondari, mimi nikiwa nimeshaacha shule kuwalea wadogo zangu, kwani wazee wetu walikwishafariki. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenisomea vitabu hivyo, nami nikakariri maneno yangu huku nikimenya muhogo.

Mara ya tatu nikabandikwa ndevu za pamba, nikawa baba wa bibi harusi. Tulirikodi kijijini Ole. Mwigizaji aliyengojwa kutoka Unguja awe bibi harusi hakufika, basi mwongozaji akamfunika ushungi mdogo wangu, aliyekuja kunikumbusha maneno, akamwambia, "Wewe kaa tu, usiseme kitu." Mdogo wangu mwenyewe alikuwa ameshaposwa na kijana wa Tumbe, na harusi ilikuwa karibu.

Mfungishaji ndoa alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hasa. Walimchukua kwa sababu khutba anaijua kwa moyo. Nikamshika mkono bwana harusi wa kitabuni, nikaanza, "Nimekuoza..." Jina la kitabuni likanitoka. Nikataja la mdogo wangu, na la marehemu baba yetu juu yake.

"Nimekubali kumuoa," akajibu mwigizaji mwenzangu, kama alivyofundishwa.

"Safi! Imepita!" akapiga kelele mwongozaji.

"Imepita kweli," akasema mwalimu. "Ndoa haina mzaha. Walii wake wa kumuoza ndiye huyu, kaka yake, na mashahidi mmejaa tele."

Mdogo wangu akaruka. "Mimi sikuridhia!"

"Ulisema?"

"Niliambiwa ninyamaze!"

"Basi. Mwanamwali akinyamaza, ameridhia."

Mwalimu mwenyewe hakuwa na hakika, lakini kwa tahadhari alitaka talaka itoke pale pale. Mwenzangu, ambaye mkewe yuko Gombani, akatota jasho.

"Mke wangu akisikia nimeacha, ataniuliza nilioa lini!"

Mkono wake nilikuwa bado nimeushika. Nikamwambia siuachii mpaka aache. Akaacha.

Habari ilifika Tumbe kabla ya samaki wa huko kupanda gari la sokoni. Asubuhi yake shangazi wa mchumba alikuwa barazani kwetu.

"Sisi tuliposa mwali. Naambiwa ana talaka. Ya nani?"

"Ya kitabuni, shangazi."

"Kitabu gani hicho kinaacha wake za watu?"

Nilijua posa ikirudi, mdogo wangu hatanisamehe. Nikamweleza shangazi yote, sikuficha hata ndevu za pamba. Akacheka mpaka akaomba maji.

"Posa hairudi," akasema. "Ila wewe, mpaka siku ya harusi, usimshike mtu mkono."

Siku yenyewe, msikitini, nikamshika mkono kijana wa Tumbe. Nikafungua mdomo.

"Nimekubali!" akasema, nami sijataja hata jina.

Kadhi akamtuliza, tukaanza upya. Akanikata tena, "Nimekubali, kabla hujataja la mwingine!"