Ngazi Kumi na Nne za Katibu

Notburga, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda chetu cha unga hapa Msamala, ana miaka arobaini na saba na anasomea shahada ya uzamili ya masuala ya kazi. Mchana anatetea watu, jioni anasoma. Mimi napima magunia kwenye mzani, na umbeya nimezaliwa nao, kwa hiyo nilimuuliza anatafuta nini huko vitabuni.

"Nataka kujua kwa nini akina mama wa kuchambua mahindi hawaleti malalamiko kwenye chama," alisema. "Miaka mitatu, hata moja!"

Akagawa madodoso arobaini. Wote tulijaza "ndiyo" kila mahali, mimi wa kwanza. Katibu akiuliza, unakubali. Ndivyo tulivyozoea mikutanoni. Msimamizi wake wa chuo akayarudisha yote: arudie utafiti kabla mwezi haujaisha, la sivyo asubiri mwaka mwingine. Notburga alikasirika, nami niliona aibu kweli.

Kesho yake akavua koti, akachukua ungo, akaketi katikati ya akina mama. Siku mbili hakuuliza kitu. Alipepeta vibaya mno, wakamcheka hadi machozi. Siku ya tatu akamgeukia Lidwina, mkongwe wao kutoka Maposeni.

"Shikamoo mama. Hivi, mtu akionewa hapa anakwenda wapi?"

"Marahaba. Anakwenda nyumbani, mwanangu."

"Si ofisini kwangu?"

Lidwina akaonyesha juu kwa kidevu. "Ofisi yako imepakana na ya meneja. Ngazi kumi na nne, na yeye yuko dirishani anaona nani anapanda. Sisi vibarua. Ukipanda leo, kesho huitwi."

Ungo ukatulia mapajani mwa Notburga. Ofisi ile aliipigania mwenyewe, na siku alipokabidhiwa funguo tulimpigia vigelegele.

Angeweza kuliruka hilo kwenye tasnifu yake. Nani chuoni angejua? Jumatatu alinipa sura ya nne niisome, nikaanza kutafuta alipojificha. Sikupaona. Chini ya maneno ya Lidwina, bila kumtaja jina, alikuwa ameandika: "Ofisi hiyo niliiomba mimi."

Nilipopanda kumrudishia karatasi, nilimkuta ameshika meza upande mmoja.

"Shika huko," akasema. "Tunaishusha."

"Tunaipeleka wapi?"

"Bombani. Pale kila mtu ana sababu ya kwenda."