Chupa ya Kuvu ya Mama Marthe

"Mama Marthe, hiyo dawa inapumua?"

Nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu Marthe alikuwa ametoka Mbarara na chupa ya unga wa kijani, ameifunga kwenye kitenge. Mtafiti wa huko, Daktari Kyomukama, alimwambia ndani mna kuvu hai, kuvu nzuri, inayotafuna ile mbaya inayoozesha mizizi ya michungwa. Hai! Ningeachaje kuuliza?

"Wee mutoto! Basi tuitafutie na kitanda," akacheka.

Michungwa yake arobaini, aliyoipanda alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Fizi, Kongo, ilikuwa imebaki kumi na miwili, magome yakitoka utomvu. Posho ya chakula ilishapunguzwa. Wajukuu wake watatu walikula kwa michungwa hiyo tu.

Unga ulitakiwa kuchanganywa na maji, umwagwe mashinani. Lakini huku kambini, tangu kipindupindu, tunaimbiwa kila siku: maji bila kidonge ni kifo. Marthe angeipaje dawa ya daktari maji machafu? Alitia vidonge viwili vya klorini kwenye ndoo, akafikiri, akaongeza cha tatu.

"Inanuka hospitali," alisema, ameridhika kabisa.

Baada ya miezi miwili Daktari alikuja, akakuta miti yote kumi na miwili imekauka. Akachuchumaa, akakwangua mzizi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha.

"Mama, watu ingine natia klorini kwa maji. Hiyo naua kuvu yote. Wewe hapana tia?"

Niliona mikono ya Marthe ikishika kitenge. Aliogopa kwamba aliyeharibu chupa moja hapewi ya pili.

"Hapana, Docteur. Nilifanya vile ulisema."

Daktari akaandika: kuvu haikufaa. Kwa hiyo hakuna aliyepewa chupa tena, si Marthe wala majirani waliokuwa wakingoja. Miti ikawa kuni. Mjukuu mkubwa, Gradi, akaacha shule, akaenda Ngarama kulimia watu.

Mimi, niliyeviona vile vidonge, nilinyamaza miaka saba. Juzi nilimwambia Marthe nataka kusomea magonjwa ya mimea. Alikuwa akipepeta maharage. Akaweka ungo chini.

"Uliniulizaka kama inapumua. Ilikuwa inapumua, Yvette. Ni mimi niliiua, na nilijua siku ile ile Docteur aliuliza. Andika, umupelekee. Asipojua, atasema dawa yake ni mubaya, na miti ya watu itaendelea kufa."