Nilivyotafsiri uongo kwenye msaada wa Korona wa wakulima Guangzhou, nikawagombanisha watu wawili

Wakuu, amani iwe kwenu. Hili sijawahi kulisimulia popote, na sitapunguza kitu ili nionekane mwema.

Kipindi cha Korona nilikuwa Guangzhou nasoma kwa scholarship. Kichina changu kilikuwa kimekomaa kiasi, kwa hiyo Wabongo walikuwa wananiita niwatafsirie.

Mmoja wao ni Mama Zuhura, mtu wa Tanga. Biashara ya nguo ilimkatikia, akakodi kipande cha shamba nje ya mji kwa mzee wa Kichina, tumwite Mzee Liang. Akawa analima mchicha, matembele na bamia, anauza kwenye migahawa ya Waafrika pale mtaa wa Xiaobei.

(Kama ulikula ugali na matembele Xiaobei miaka ile, basi huenda ulikula jasho lake.)

Lugha walikuwa hawaelewani kabisa, ila walipatana ajabu. Mzee alikuwa anamwachia chupa ya chai pembeni ya tuta. Mama naye akipika sambusa, anamtengea.

Xiaobei ikafungwa. Mboga zikaozea shambani.

Baadaye serikali ya pale ikatangaza msaada kwa mashamba yaliyopata hasara. Mzee Liang akaniita nyumbani kwake, akanipa fomu.

"Mwandike na yeye," akasema. "Zilizooza ni mboga zake."

Nikaisoma. Mkalimani alitakiwa kuweka jina, namba ya pasipoti na sahihi. Mama alikuwa na viza ya biashara, sio ya kulima. Nikawaza, nikiitwa kuhojiwa, scholarship imeota mbawa.

Nikamjibu mzee, "Amesema hataki."

Mama sikumuuliza wala kumwambia.

Msaada ukatoka. Mzee akabadilisha nailoni ya banda lake la mboga. Mama akasikia kwa Wabongo wenzetu pesa imetoka wapi, akanipigia.

"Mwanangu, kumbe mashamba yamesaidiwa? Mbona Liang hajaniambia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikajibu, "Sijui, mama. Labda ni ya wenyeji tu."

Mzee akataka kumsamehe kodi ya msimu mzima. Nilipomfikishia, mama akakataa. "Asinifanye mjinga. Kala jasho langu, sasa ananirushia makombo."

Akang'oa mboga zake na kurudi Tanga bila kumuaga.

Mwaka jana nilimpigia nikamweleza yote.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningekwambia usiandike. Viza yangu naijua mimi. Lakini nisingemchukia yule mzee."

Kisha akaniambia, "Nenda kamwambie na yeye."

Bado nilikuwa Guangzhou, nikaenda. Mzee hatembei vizuri siku hizi, analima mwanawe. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

Akaniuliza, "Kwa hiyo hakuondoka kwa sababu ya kodi?"

Nikamwambia hapana.

"Niliwaza labda tangu mwanzo nilimtoza kodi kubwa," akasema. Hakunikaribisha kukaa.

Nikampigia mama simu ya video hapohapo. Waliangaliana, mama akalia, mzee akawa anatikisa kichwa tu. Halafu wote wakanigeukia niwatafsirie, na safari hii nikatafsiri neno kwa neno.

Nilichojifunza: ukiaminiwa kuwa mdomo wa mtu, woga wako uuseme kwa jina lako, usiuweke kwenye kinywa chake.

Mniseme tu, nastahili. Na kama umewahi kumsemea mtu jambo ambalo hakulisema, uliwezaje kulirekebisha?