Ukuta Huanzia Katikati

Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Sironga. Mgawanyiko wa seli nimeufundisha hadi umenichosha. Kiini kikishagawanyika, nawaambia wanafunzi, ute uliobaki nao sharti ugawanywe. Seli ya mnyama hubanwa kiunoni, kama gunia linalokazwa kamba, mpaka ikatengana. Seli ya mmea haibaniki, ina ganda gumu; basi hujenga ukuta mpya unaoanzia katikati ukaenda hadi kingoni.

Maringo ya mwalimu, jamani! Baba alipofariki, mdogo wangu alitaka tugawane shamba la chai. Wazee wakikuna vichwa, mimi nikachukua kijiti nikachora chini: mstari mmoja, kutoka barabarani hadi mtoni, kila mtu apate njia na maji. Wakanisifu. Nyumba ya mama ikaangukia kwa mdogo wangu, maana kwetu kitinda mimba ndiye hukaa na mama. Sikuona ubaya. Mama angevuka tu hadi kwangu, hatua ishirini.

Kisha tukagombania mashina ya chai yaliyo mpakani, upuuzi mtupu, na mdogo wangu akapanda michongoma. Hakuanzia barabarani wala mtoni. Alianzia katikati, mkabala na mlango wa mama, akaenda huku na huku. Nilimtukana. Akanijibu, "Si ni wewe ulichora, mwalimu?"

Sasa ua umenizidi kimo. Mama haoni vizuri, na kuzunguka kupitia barabarani ni kupanda mlima, magoti yamekataa. Kulikuwa na pengo moja, mama akinipitishia humo bakuli la mboga. Mdogo wangu akaliziba. Mimi nikienda kwake ananifungia lango.

Juzi msichana mmoja darasani aliuliza, "Mwalimu, na hizo seli zitapeana chakula aje, kama kuna ukuta?"

Nikamwambia ukuta huachwa na vitundu vidogo sana, ute hupitia humo. Hata mmea unajua hilo. Nikawaamuru wafungue vitabu.

Jioni nikasimama kando ya michongoma. Mama akasikia nikikohoa.

"Tata," akaita, kama mama zetu wanavyowaita wana wao. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Umekula?"

"Nimekula." Nilidanganya.

Hakuniamini. Nikasikia mikono yake ikipapasa matawi, ikitafuta lile pengo, mpaka nikampigia kelele aache, miiba itamchoma.